Mistari ya Kijivu

Daktari Ambokile hakuwa mtu wa kupiga simu kwenye Ukumbi wa Wanukuzi. Yeye alikuwa wa kusema na kwenda zake: anampima mgonjwa, anataja anachokiona, kinasa sauti kilichoshonewa kwenye kola ya koti lake kinayabeba maneno, na basi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu sauti yake iliposikika kwenye spika, waliokuwa wanakunywa chai walishusha vikombe.

Aliuliza, kwa upole wa mtu ambaye hakulala vya kutosha, ni nani anayemrudishia mistari ya kijivu tangu alfajiri. Alikuwa ametaja umri wa mgonjwa, ukarudi kijivu. Ametaja kijiji, kijivu. Hata jina la mgonjwa, ambalo mwenyewe alilitaja kwa sauti ya mwanakwaya, nalo lilikuwa limerudi kijivu.

Tusekile Mwakatobe aliinua mkono, kana kwamba daktari aliye ng'ambo ya mji angeweza kuuona. Kisha akakumbuka kubonyeza kitufe.

"Nafikiri ni mimi, daktari."

"Unafikiri?"

Ukumbi mzima ulicheka, na spika nayo ikacheka kidogo kabla ya kukatika. Tangu saa ile jina lake likawa Nafikiri. Wenzake walimwita hivyo bila ubaya, kama watu wa Tukuyu wanavyoitania mvua yao, lakini jina la utani halina adabu, humfuata mtu mpaka chumbani. Tusekile alirudi kwenye rasimu yake akiwa na joto masikioni, na mstari uliofuata ukatoka kijivu kuliko yote.

Wanukuzi walikuwapo kwa sababu ya kosa la zamani. Kabla Tusekile hajazaliwa, mashine ziliachiwa kuandika peke yake. Ziliandika haraka, hazikuchoka wala kudai likizo, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: zilichokisikia na zilichokikisia ziliviandika kwa uso uleule mkavu. Daktari akikohoa katikati ya maelezo, mashine iliziba pengo kwa neno linalofaa na kusonga mbele. Neno lilifaa kweli, ila halikuwa limesemwa. Watu waliumia kwanza, sheria ikaja baadaye, kama ilivyo kawaida ya sheria. Ikaamriwa kwamba mashine iandike rasimu, lakini binadamu aisikilize sauti, na binadamu huyo avae bangili.

Bangili yenyewe ilikuwa nyembamba, haina hata urembo. Ilisoma mapigo, jasho, na ule mtetemo mdogo wa mishipa ambao mwenye mkono hausikii, na kwa kila mstari ilijua kama moyo wa mnukuzi umekubali. Moyo ukikubali, mstari uligeuka mweusi, na mstari mweusi hauulizwi na mtu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ghala la dawa, droni zikapakia vidonge na kuruka hadi vijiji vya milimani, chumba cha upasuaji kikajipanga chenyewe. Moyo ukisita, mstari ulibaki kijivu na kurudi kwa daktari, na pembeni yake ikafunguka nafasi ndogo ili mnukuzi aandike anatilia shaka nini.

Nafasi ile Tusekile hakuwahi kuijaza. Kuandika kwamba una shaka na kipimo cha dawa ni kudai unajua shaka yako imekaa wapi, na yeye hata hilo hakuthubutu kulidai. Alirudisha kijivu kitupu, daktari akabaki anakikodolea macho asijue alichokosea.

Kama ni kutafuta mchawi, tungempata haraka: Shangazi Bupe, aliyemlea, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni na mkasi mkubwa kama wa kukatia bati. Shangazi alikuwa na swali moja maisha yake yote: una hakika? Hakukusudia kumvunja mtoto moyo. Alijua tu kwamba kitambaa kikishapita mkasi hakirudi, akawa anauliza kabla ya kila mkato, na mazoea ya mezani yakahamia jikoni, shuleni, kanisani. Mtoto akisema amefaulu hesabu, una hakika? Akisema ameshiba, una hakika? Tusekile ndiye aliyekuwa akishika ncha ya pili ya kitambaa, na kila alipoulizwa kama alama iko mahali pake, alinyamaza, na shangazi akapima upya. Alipofika utu uzima hakuhitaji tena kuulizwa. Alijiuliza mwenyewe.

Na aliipenda kazi hii. Aliupenda ule ukimya mfupi wa daktari kabla ya kumweleza mtu habari nzito, na namna wagonjwa wanavyoanza kwa kusema hawajambo halafu ndipo wanaorodhesha maumivu. Lakini majaribio yake yalikuwa yanaisha Ijumaa. Kwa kijivu kile hawangemthibitisha. Bangili ingerudi kabatini, na yeye angerudi dukani kwa shangazi kushona vifungo vya watu wengine.

*

Bwana Lwitiko, msimamizi wa ukumbi, alikuwa mwema wa aina ile inayochosha. Alimwita Tusekile ofisini mchana uleule, akamvutia kiti, akauliza habari za shangazi na za mvua, ndipo akafungua droo. Akaweka mezani kitu kidogo cha rangi ya ngozi, hakizidi punje ya choroko. Kiliitwa tulizo, na mahali pake ni nyuma ya sikio.

Alimweleza kwamba hakimwongezei mtu akili wala hakimleweshi. Kuna sauti ndani ya kichwa inayoulizauliza hata pasipo na la kuuliza. Tulizo huifuata kwenye mshipa wake na kuishusha, kama mtu anavyoshusha redio ya jirani. Masikio yanabaki yaleyale, kumbukumbu ileile. Tusekile akauliza kama kinaruhusiwa. Bwana Lwitiko alisema hakijakatazwa, na kati ya hayo mawili ndimo ofisi nyingi zinamoishi. Akaongeza kwamba nusu ya ukumbi wanacho, na waliothibitishwa mwaka huu wote walikuwa nacho.

"Mimi sitaki kukupoteza, dada Tusekile," alisema. "Masikio unayo. Kilichopungua ni kujiamini tu, na hicho siku hizi kinabandikwa."

Tusekile akakibandika. Mwanzoni hakuhisi kitu, na hicho ndicho alichohisi: hakuna kitu. Alirudi kwenye meza yake, akavaa visikizi, na mistari ikaanza kugeuka mmoja baada ya mwingine, mweusi, mweusi, mweusi, hadi rasimu nzima ikawa nyeusi kama sufuria ya msibani. Furaha aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata kabla. Alitamani kumkumbatia mtu.

Aliyekuwa karibu ni Bi Ndimbumi, mnukuzi mkongwe, ambaye alikaa meza ya jirani na mfuko wa karanga za kukaanga. Yeye nyuma ya sikio hakuwa na kitu isipokuwa mvi.

"Leo hujarudisha hata mmoja," alisema Bi Ndimbumi.

"Hata mmoja, Bi Ndimbumi."

"Hata wa Daktari Gwamaka, anayesema huku anatafuna?"

"Hata wake."

Bi Ndimbumi akamtazama, akaendelea kula karanga zake.

Jumanne na Jumatano zilipita vivyo hivyo. Madaktari walituma salamu za pongezi. Jina la Nafikiri likaanza kusahaulika. Hata nyumbani mambo yalibadilika: shangazi alipotandaza kitenge mezani na kumuuliza kama alama iko sawa, Tusekile alijibu ndiyo papo hapo, kabla macho yake hayajafika kwenye alama. Shangazi alimkata jicho. Kisha akachukua futi akapima upya mwenyewe, na ikawa kweli alama ilikuwa sawa, lakini hakusema ahsante.

*

Alhamisi Daktari Ambokile alisoma maandalizi ya upasuaji wa kesho yake. Mgonjwa alikuwa yuleyule wa sauti ya kwaya, Mama Kissa, mchuma chai ambaye magoti yalikuwa yamemchoka. Daktari akasema goti la kushoto lifunguliwe. Alilisema wazi, na Tusekile alilisikia wazi.

Alikumbuka pia kwamba Jumatatu, katika maelezo ya mgonjwa huyuhuyu, daktari alisema litakalofunguliwa ni la kulia. Alilikumbuka hilo vizuri kabisa. Likapita akilini mwake kama mtu asiyemjua anayepita upande wa pili wa barabara, humwiti wala hakuiti. Mstari ukageuka mweusi, na kule hospitali chumba cha upasuaji kikaanza kujipanga kwa goti la kushoto.

Mchana alikwenda kununua maandazi. Tukuyu haikumpa taarifa. Mvua ilimshukia katikati ya njia, ikamlowesha kuanzia kilemba hadi viatu, na gundi ya tulizo ikalegea. Alikuwa amefika chini ya paa la duka, anajifuta uso kwa ncha ya khanga, alipoikuta choroko ile imenasa kwenye kola. Akaishika kiganjani.

Ndipo lile goti likarudi. Safari hii halikupita ng'ambo ya barabara. Lilikuja likasimama mbele yake, na nyuma yake vikaja vyote alivyovipitisha tangu Jumatatu mchana, umri na vipimo na mizio ya dawa, vyote kwa mkupuo, hata akalazimika kujishika kwenye nguzo. Muuza duka akamuuliza kama ana njaa. Akasema hapana, halafu akasema labda.

Mstari uliokwisha kuwa mweusi huweza kuvutwa, lakini na mnukuzi wake peke yake, kwa jina lake, na lazima ile nafasi ya pembeni ijazwe. Na kanuni ilisema kwamba mtu wa majaribio anayevuta mstari katika juma lake la mwisho hathibitishwi. Kanuni iliwekwa kwa nia njema, ili watu wasipitishe hovyo wakitumaini kuvuta baadaye. Kwa hiyo akivuta, kazi imekwenda. Asipovuta, huenda mama wa watu akaamka kesho amepasuliwa goti ambalo silo.

Na huenda hakuna kosa lolote. Hilo ndilo lililomtesa. Hakuwa na hakika ya chochote, hata ya shaka yake mwenyewe. Akaitazama punje kiganjani, ikamjia wazi kwamba njia rahisi ilikuwa palepale. Akiibandika tena, hatakuwa mwongo wala mzembe. Atakuwa na hakika. Atakwenda kukaa, moyo utatulia, na bangili, ambayo haijui kusema uongo, itamshuhudia.

Alirudi ukumbini akaikunja punje kwenye karatasi ya maandazi. Akamsimulia Bi Ndimbumi, kwa sauti ya chini, mambo yote mawili, goti na tulizo. Alitegemea kugombezwa au kufarijiwa. Bi Ndimbumi hakufanya mojawapo. Alisogeza kiti ili Tusekile aione rasimu aliyokuwa nayo mezani.

Rasimu ya Bi Ndimbumi ilikuwa na kijivu. Tusekile alishtuka, miaka yote ile ya kazi, na bado ana kijivu. Lakini hakikuwa kingi, na pembeni ya kila kimoja palikuwa na maneno machache: mlango umegongwa hapa; anataja dawa mbili, sijajua ipi imesimamishwa; mgonjwa amekataa kwa kichwa labda, sijamsikia.

"Mimi nina woga kukuzidi," alisema Bi Ndimbumi. "Ila woga wangu naupeleka kazini. Nauuliza, wewe unaogopa nini hasa? Ukinitajia, nauandika. Usipokuwa na la kutaja, unaondoka wenyewe."

"Na ukitaja nikaandika, kisha nikakuta nimekosea?"

"Utakuwa umekosea. Watu wanakosea, mwanangu. Hapo ndipo ulipokuwa unapaogopa?"

Tusekile alivuta visikizi vyake. Ndipo hasa.

Alivaa visikizi, akafumba macho, akasikiliza ya Jumatatu, kisha ya leo. Kulia. Kushoto. Bila tulizo moyo ulimdunda mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza hakuukimbia. Aliuvuta mstari. Kwenye nafasi ya pembeni akaandika kwamba Jumatatu daktari alisema goti la kulia, leo amesema la kushoto, na hakuna mahali aliposema amebadilisha. Maneno yalitoka yamenyooka. Akaweka jina lake lote.

Simu haikuchelewa.

"Ni nani aliyevuta mstari wa Mama Kissa?" iliuliza spika, na wengine ukumbini wakajiandaa kucheka.

"Ni mimi, daktari. Tusekile."

Daktari Ambokile akaeleza, bila hasira, kwamba magoti yote mawili ya mama yule ni mabovu, kwamba juzi aliteleza shambani na la kushoto likazidi, na kwamba wamekubaliana naye waanze na hilo. Goti la kushoto ndilo. Mstari ulikuwa sahihi.

Tusekile aliitazama bangili mkononi. Alikuwa ameitupa kazi yake kwa goti ambalo halikuwa na tatizo.

"Lakini kubadilisha sikukutaja," daktari aliendelea. "Nilimwambia mama, nikawaambia wauguzi, kwenye kinasa nikasahau. Andika sasa, tumebadilisha, na sababu. Na wewe dada, hiki ndicho kijivu ninachokitaka. Kile cha mwanzo nilikuwa sijui nikifanyie nini."

Akakata. Hakuna aliyecheka. Tusekile aliandika sababu, na alipomaliza mstari uligeuka mweusi wenyewe, bila choroko yoyote nyuma ya sikio.

*

Ijumaa asubuhi Bwana Lwitiko alikuwa amekwisha kupata suluhisho, maana watu wema hawakosi suluhisho. Alimwambia atauandika mstari ule kuwa umevutwa kwa maelekezo ya daktari. Kanuni haitaguswa, na jioni atamthibitisha. Alichotakiwa kufanya Tusekile ni kukaa kimya mpaka saa ya kutoka.

Akamuuliza tulizo iko wapi. Tusekile akaitoa kwenye ile karatasi ya maandazi, akaiweka mezani kwake. Ilikuwa na sukari kidogo.

"Kuna mistari mingine, Bwana Lwitiko," alisema. "Yote niliyopitisha nikiwa nimeivaa. Nataka kuivuta."

Bwana Lwitiko alivua miwani. Akamkumbusha kwamba hakuna daktari aliyelalamika. Akamkumbusha kwamba hata lile goti, hatimaye, yeye ndiye aliyekosea na mstari ndio uliokuwa sahihi. Na akamwambia la mwisho kwa sauti ya kusihi: akivuta yote kwa sababu hiyo, atakuwa amesema jambo kuhusu nusu ya ukumbi, na juu ya ukumbi kuna wakubwa, na wakubwa watauliza nani aliyezigawa tulizo.

Hapo Tusekile alimhurumia, kwa kuwa alikuwa mtu mwema kweli. Alifikiria pia vifungo vya watu wengine, vimepangwa kwenye makopo yao dukani kwa shangazi, vikimngoja.

"Kwenye goti nilikosea, na nilikuwepo," alisema. "Kule kwingine sikukosea wala sikupatia. Sikuwepo. Jina langu liko pale na mimi sikuwepo."

Akarudi kwenye meza yake, akaivuta. Madaktari wakaanza kunung'unika kwenye spika. Droni zikasimama uwanjani. Bi Ndimbumi akamsogezea mfuko wa karanga.

Alisikiliza tangu mwanzo. Kila moyo ulipositasita aliuuliza, unaogopa nini hasa? Mara nyingi haukuwa na jibu. Ulikuwa unaogopa tu, kwa mazoea, na ulipokosa mahali pa kukaa ukaondoka, mstari ukageuka mweusi. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote ya wiki ile. Weusi wote huo ulikuwa wake tangu mwanzo, na yeye alikuwa akiuazima.

Palipobaki kijivu palikuwa pachache. Pengine palitokea kelele za bati na mvua. Pengine mgonjwa na daktari walisema kwa pamoja. Na mahali pamoja, Jumanne, Daktari Gwamaka alikuwa anamwandikia mzee mmoja wa kule juu Mwakaleli dawa ya moyo. Alisema kidonge kimoja kila asubuhi. Kikafuata kishindo cha kiti, na nyuma yake, kwa sauti ya chini ya mtu anayejisahihisha huku anameza, daktari akasema hapana, kwa figo zake hizi, nusu. Mashine ilikuwa imeyachukulia maneno hayo kuwa mazungumzo, ikayafagia ili maelezo yapendeze. Rasimu ilisema kimoja. Na Tusekile, akiwa ametulia kama maji ya mtungini, alikuwa ameipitisha.

Alisikiliza mara ya pili. Kwenye nafasi ya pembeni akaandika alichokisikia, neno kwa neno, na chini yake akaandika kwamba rasimu imeacha maneno hayo na yeye ndiye aliyeipitisha. Jina lake lote.

Jibu la Daktari Gwamaka lilikuwa fupi. "Simamisheni. Nampigia mzee sasa hivi."

Ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia. Hakuna aliyeandika kitu. Mvua ilipiga bati, ikapungua, ikapiga tena, na Tusekile alikaa ameushika mkono wenye bangili kwa mkono wa pili, akimwomba Mungu kwa Kinyakyusa, kama alivyofundishwa akiwa mdogo. Hatimaye spika ikaguna. Mzee Asangwile alikuwa hai na mkali. Alisema tangu juzi kichwa kinamzunguka kila anapoinama kumkamua ng'ombe, akadhani ni uzee, na alitaka kujua kama leo anywe nusu au asinywe kabisa. Muuguzi alikuwa njiani kwenda kumpima.

Tusekile alilia, si kwa sauti. Mtu mmoja akamletea chai. Aliponyanyua uso kuipokea alimwona msichana wa meza ya mbele, aliyethibitishwa mwezi uliopita, amepeleka mkono nyuma ya sikio na anakwangua kitu kwa ukucha.

Jioni Bwana Lwitiko alimwita tena. Alionekana amezeeka kidogo. Alisema ametuma taarifa juu, na ameandika yeye mwenyewe kwamba ndiye aliyezigawa tulizo, na sasa watangoja. Kuhusu Tusekile, kanuni ni kanuni, kuthibitishwa haiwezekani. Lakini hakunyosha mkono kuidai bangili. Alisema Jumatatu aje, aanze majaribio upya kama mgeni, kama watakaokuja kutoka juu hawatasema vingine.

*

Shangazi Bupe alikuwa na gauni la harusi mezani, kitambaa cha bei ambacho bibi harusi alikileta kutoka Mbeya, na hakuna kingine cha kukirudia. Alisikiliza habari yote huku anaweka alama kwa chaki. Hakusema pole wala hongera. Aliuliza kama wana uhakika wa kumchukua safari hii.

"Hawana, shangazi. Na mimi sina." Tusekile akashangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka mepesi.

Shangazi akamwonyesha kwa kidevu ncha ya pili ya kitambaa, naye akaishika mahali pake pa siku zote. Mkasi ukafunguka juu ya mstari wa chaki, karibu na kwapa.

"Hapa?"

"Hapo."

"Una hakika?"

Tusekile aliinama akaitazama alama, akapitisha kidole juu yake toka begani mpaka kwenye pindo, akahesabu nafasi ya mshono. Kisha akajitafuta ndani, mahali pale ilipozoea kukaa ile sauti. Ilikuwepo. Akaiuliza inaogopa nini. Haikuwa na la kutaja.

"Kata, shangazi," alisema.

Shangazi alimtazama kwa muda, na mkono wake haukwenda kwenye futi. Akakata.